Mtumaji wa Gunia

Haya yalimpata rafiki yangu Gerishom, karani wa mizigo stesheni ya Mazeras, mwaka themanini na tatu. Dena, lijitu lisilo haya, aliiba kigango cha babu yake, ule mti tunaowachongea wazee wetu wakishakufa, akakitia guniani akiuze Nairobi. Kwa uoga wake akaandikisha kuwa mtumaji ni babu mwenyewe. Gerishom hakujua. Akalifungia gunia ghalani, giza tupu, kisha akaita dirishani, "Mzee Mwambire! Njoo utie dole gumba!"

"Ndimi, bwana," akajibu Dena, akichekacheka kama fisi.

"Wewe? Mwambire ni mimi," ikasema sauti ya kizee kutoka ghalani, ikakohoa. "Nakuja."

Kisha mti ukasikika ukigonga sakafu, ko, ko, ko, ukija mlangoni.