Kifaru cha Rangi ya Majani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne Septemba, mwaka 1945. Asubuhi hiyo Rahabu aliteka maji na kufagia uwanja kama siku zote. Akamwamkia bibi yake, Yustina, kisha akakiweka kifaru chake kwenye ungo, akashika njia ya shule, huko kwao Iramba.

Kifaru hicho hakikuwa mnyama. Kilikuwa mfano wa gari la vita, lile la chuma lenye mzinga, linalotembea juu ya minyororo. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha na wakubwa walitaka sherehe bomani Singida. Tena sherehe ya wakubwa haiivi mpaka watoto wa watu wachochee moto. Basi shule ziliagizwa zitengeneze mifano ya magari ya vita, na agizo likasema yapakwe rangi ya majani. Halikusema zaidi. Ambaye mfano wake ungechaguliwa angepanda lori mpaka Singida.

Rahabu hakuwa na haja na sherehe, haja yake ilikuwa lori. Baba yake, Naftali, alichukuliwa kwenda vitani kuendesha magari, na tangu masika ya mwaka juzi hakuna aliyeleta habari zake. Jumbe alipoulizwa alisema, "Waulizeni bomani." Na bomani ni mbali, miguu ya mtoto haifiki.

Kwa hiyo alichonga kifaru kwa mti mwepesi, akakitia mzinga wa mwanzi na minyororo ya ngozi ya mbuzi. Kilichomnyima raha ni rangi. Alipaka masizi, kikawa cheusi kama chungu. Alipaka majivu, kikafanana na punda. Alipaka udongo wa kichuguu, kikawa chekundu, akakiosha kwa hasira. Kila mara alikwenda nyuma ya nyumba, akakiweka katika majani, akarudi nyuma kukitazama. Mwishowe alichota udongo wa manjano kijitoni, akauchanganya na mafuta ya nyonyo. Alipokiweka na kugeuka, hakukiona tena. Hata kuku alikikanyaga.

Pale shuleni mifano mingine yote ilikuwa imesuguliwa kisamvu mpaka ikawa ya kijani. Karani Amri, aliyetumwa kutoka bomani, alikiinua cha Rahabu kwa vidole viwili.

"Hiki cha nani?"

"Changu, bwana."

"Nani kakwambia kifaru kina rangi ya ndama?"

Darasa likacheka. Isaka, aliyekaa nyuma yake, akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kinyonyeshe, Rahabu, kina njaa."

Karani akakitua chini. "Mwenye hiki hapandi lori."

Moyoni Rahabu aliliona lori likiondoka bila yeye. Ulimi ukatangulia akili. "Baba ametuma salamu," akasema. "Askari mmoja kapita Sekenke, kasema gari la baba lina rangi hii hii."

Karani akakuna shingo. "Kama ndivyo, nitafikiri."

Rahabu alipofika nyumbani, uongo ulikuwa umeshafika zamani, maana watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakichungulia dirishani, nao hutoka mapema. Bibi Yustina alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani. Jogoo alikuwa amefungwa miguu mlangoni.

"Mjukuu wangu, njoo hapa. Kasema anakuja lini? Anakula? Ule mguu wake uliokuwa unamsumbua umepona?"

"Sijui, bibi."

"Hukuuliza? Mtoto gani wewe."

Rahabu akaenda kupasua kuni, na kuni zilikuwapo tele. Akarudi. Akatoka tena. Majirani wawili wakaingia, wakamshika bibi mikono, wakamshukuru Mungu. Rahabu hakuweza kukaa wala kusimama. Walipoondoka akasema yote kwa pumzi moja, "Bibi, hakuna askari. Hakuna salamu. Nilisema uongo nipande lori nikamtafute baba."

Bibi hakumpiga. Aliinama akamfungua jogoo, akavua kanga, akaikunja polepole. Rahabu angependa fimbo kuliko ile kanga ikikunjwa.

"Twende," bibi akasema.

Walimkuta karani akinywa chai nyumbani kwa Mwalimu Paskali. Wote wawili wakasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mtoto huyu ana neno."

Rahabu akalisema. Karani akaweka kikombe. "Afadhali nimejua. Mwongo hapandi lori la serikali."

Mwalimu akamgeukia Rahabu. "Basi ile rangi uliitoa wapi?"

"Agizo lilisema rangi ya majani, mwalimu. Nilitoka nje nikayatazama."

Karani akatazama nje ya mlango. Kuanzia uwanjani mpaka kwenye mteremko, majani yote yalikuwa makavu, ya manjano kama kile kifaru.

"Agizo silo langu," karani akasema.

"Najua," mwalimu akasema. "Aliyeliandika yumo kivulini, Iramba ya mwezi wa tisa hajaiona. Angalau angesema majani ya masika."

Karani akacheka, japo hakutaka. "Kifaru kitapanda. Huyu mtoto je?"

Mwalimu akamsogeza Rahabu karibu. "Sikiliza, binti. Gari la vita hupakwa rangi lijifiche kwa sababu lina maadui. Wewe ukweli ulimficha nani? Bibi yako. Yeye ni adui yako? Ungesema tu ulichokiona nje ya mlango, kingekutosha. Maneno ya mtu hayapakwi rangi, maana wanaoumia ni wa nyumbani kwake. Leo utapita kila nyumba iliyosikia salamu zile, useme hazikuwapo. Ukimaliza, mimi mwenyewe nitakuombea nafasi."

Akapita nyumba zote, na kwa kina Isaka pia. Isaka hakucheka.

Siku ya sherehe meza ya bomani ilijaa vifaru. Bwana Mkubwa, Mzungu mwenye boma, alikishika cha Rahabu, akatabasamu, akasema neno kwa Kiingereza.

"Anauliza unataka zawadi gani," Karani Amri akatafsiri.

"Zawadi sitaki, bwana. Baba yangu ni Naftali, dereva, mtu wa Iramba. Mlimchukua mkiijua nyumba yake. Yuko wapi?"

Karani akatafsiri. Bwana Mkubwa akakirudisha kifaru mezani. Tarumbeta zikaanza, wakubwa wakasogea kwenye meza nyingine. Karani Amri akabaki, kisha akawafuata kwa haraka, akauliza tena swali lile, na safari hii hakuna aliyemtuma: Naftali yuko wapi?