Meza ya Felisita na Mikanda ya Chini ya Godoro

Kila asubuhi Felisita alikunywa chai akiwa ameshika kikombe kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika sahani ya viazi isidondoke mapajani. Felisita ni mke wa fundi seremala, na nyumba ya fundi seremala haikuwa na meza.

Mumewe anaitwa Selestini. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, hapa Bariadi. Mimi ni jirani yao. Meza alizowatengenezea watu, ukizipanga moja moja, zinafika stesheni ya Malampaka, na treni inaweza kupita juu yake zisitikisike. Lakini ya mke wake?

"Wiki ijayo, mayu," alimjibu; mayu kwetu ni mama.

Wiki hiyo ilichukua miaka kumi na minane.

Mwaka huu binti yao Gloria akapata mchumba. Wazazi wa kijana wakatuma taarifa kutoka Migato: Jumamosi tunakuja.

"Watakula wapi?" Felisita akauliza. "Mapajani?"

"Meza itakuwepo."

"Baba Gloria, hebu niangalie usoni."

Akamwangalia. "Itakuwepo."

Jumatatu Selestini akaranda mbao za mninga, akaziunga. Jumanne akatoa mashine ya msasa. Mashine hii huzungusha mkanda. Mkanda ni kitambaa kigumu chenye msasa juu yake, ncha zake zimeungwa ukawa duara. Ukizunguka, ubao unalainika.

Alikuwa na mikanda minne. Akaingia chumbani, akainua godoro, akachukua mmoja. Ndiyo, godoro! Mikanda aliikunja na kuilaza hapo, pamoja na suruali yake ya kanisani.

Akawasha mashine. Paa! Mkanda ukakatika. Mbuzi wa mtaa mzima wakaacha kutafuna. Akafunga wa pili. Paa! Mbuzi wawili wakahamia Dutwa, na mpaka leo hawajarudi. Miwili iliyobaki ilikuwa na michaniko na nyufa, hakuthubutu kuifunga.

Mkanda wa ukubwa ule haukupatikana madukani. Huko Mwanza mikanda ilikuwepo, akaiagiza, lakini basi lingeileta Jumamosi jioni.

Jumatano Selestini akachukua sindano ya kushonea magunia ya pamba, na uzi wake. Kwetu uzi ule hushona kila kitu: viatu, mifuko, hata siti za baiskeli. Akaushona ule mkanda wa kwanza kama gunia. Akawasha. Mkanda ukazunguka, kweli. Lakini mshono ulikuwa unapiga ubao: du! du! du! Alipozima, meza ilikuwa na makovu kama ng'ombe amecheza ngoma juu yake.

Felisita akaja kuangalia. Akapitisha kidole kwenye makovu. Akarudi jikoni taratibu. Selestini aliniambia, "Jirani, angenigombeza ningepona."

Alhamisi alfajiri Felisita akaenda kumwita Maximiliana, mke wa ndugu yake. Maximiliana ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yake ni mikanda ya mashine kutwa nzima.

"Mwangaluka, shemeji!" akamsalimia kwa Kisukuma mlangoni mwa karakana.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu. Wagonjwa wako wapi?"

Selestini akamwonyesha mikanda minne. Maximiliana akaipapasa, akaivuta, akainusa.

"Unaitunza wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Chini ya godoro."

"Na godoro liko juu ya nini?"

"Sakafu," Felisita akajibu kwa niaba yake. "Kitanda anatutengenezea wiki ijayo."

Maximiliana alicheka mpaka akakaa juu ya maranda.

"Shemeji, suruali inataka mkunjo. Mkanda hautaki. Ukiukunja, msasa unapasuka na kitambaa kinavunjika. Na unyevu wa sakafu unalegeza gundi ya pale ulipoungwa. Unaona? Iliyokatika yote miwili imeachia hapo hapo kwenye kiungo."

"Kwa hiyo nishone vizuri zaidi?"

"Ushone nini! Huu umeutoboa kama chujio. Nikikata penye matundu, utakuwa mfupi, hauingii kwenye mashine." Akauweka kando. Akainua wa tatu. "Huu umechanika pembeni. Ukichanika hivi usiuunge, utakurukia. Huu wa nne una ufa kila mkunjo." Akabaki na wa pili. "Huu kitambaa chake ni kizima. Ulikuwa pembeni ya godoro?"

"Upande wa ukutani."

"Hukuulalia. Ndiyo bahati yake."

Akafanya kazi polepole ili Selestini aone. Ncha za mkanda zilikuwa zimekatwa mshazari. Akakwangua gundi ya zamani, akazikutanisha zikagusana bila kupandiana.

"Zikipandiana zitapiga ubao kama mshono wako," akasema.

Upande wa nyuma, usio na msasa, akapaka gundi ile ya kuchanganya mbili. Juu yake akabandika tepu nyembamba ya kuungia mikanda, ambayo huwa anainunua Mwanza. Akaweka karatasi ya nailoni, akabana kwa vibao viwili na klempu, kibanio cha chuma.

"Mpaka kesho asubuhi. Usiguse."

"Hata mchana kidogo?"

"Hata kidogo."

Felisita akaleta kigoda, akakaa mbele ya ile klempu. Alichambua mchele hapo hapo siku nzima.

Ijumaa asubuhi Maximiliana akapita akielekea kazini.

"Chomoa waya wa umeme kwanza, ndipo ufunge mkanda. Tazama mshale uliochorwa ndani ya mkanda, uzunguke unakoelekea. Vaa miwani, simama pembeni, iache izunguke dakika moja bila ubao." Mkanda ukazunguka, kimya. "Sasa lainisha, lakini usikandamize. Mkanda wa kuunga ni wa dharura, wa kazi nyepesi. Mipya ikija, tumia mipya."

Makovu mengi yakaondoka. Yaliyobaki wakayafuata kwa mkono. Mikanda iliyokufa waliikata vipande, wakavizungushia kwenye vibao vidogo, mume upande huu, mke upande ule. Kovu moja likakataa.

"Liache," Felisita akasema. "Hapo nitaweka bakuli la mchuzi."

Wakapaka vanishi. Kabla ya kulala Selestini akalegeza mkanda kwenye mashine na kuutoa. Akakata kipande cha bomba la inchi nne, akakifunga kwenye ukuta mkavu wa ndani, mbali na dirisha na joto la bati. Maximiliana alikuwa amemwonya kwamba msumari ni mwembamba, nao unaacha mkunjo. Mkanda ukaning'inia juu ya bomba, umekaa mviringo. Selestini akafurahi sana, akatundika na suruali ya kanisani.

Jumamosi wageni wakafika. Selestini akatoka kuwapokea na suruali iliyovimba magotini kama ana vibuyu ndani.

"Baba Gloria!" Felisita akanong'ona. "Suruali irudishe chini ya godoro!"

Luhaga, baba wa kijana, alipitisha kiganja juu ya meza mara moja, mara mbili. Akasahau alichotaka kusema kuhusu idadi ya ng'ombe wa mahari. Kabla hajakumbuka, upande wetu tulishaongeza wawili.

Wageni walipoondoka, mikanda mipya ikafika na basi. Selestini akaipeleka moja kwa moja kwenye bomba. Aliporudi, Felisita alikuwa amejimiminia chai. Akaweka kikombe mezani. Akaweka na sahani. Kisha akaitazama mikono yake miwili mitupu, kama hajui aiweke wapi.

Selestini akavuta kiti, akaishika yote miwili.