Vigotimaizi vya Osmunda

Vigotimaizi vilianza kupumua. Osmunda Komba, aliyevivaa magotini, alivisikia vikijaa polepole upande wa ndani wa goti la kushoto, pale ambapo mfupa wake huuma kila mvua inapokaribia, kisha vikapungua upande wa nje, vikatulia. Alikuwa ananing'inia kwenye gogo la majaribio katikati ya karakana, juu kidogo ya vichwa vya watu, magoti yameegemea gome, na kwa mara ya kwanza tangu uzee umbishie hodi hakuna kilichomuuma. Alifumba macho. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeonja supu, kwamba hivi ndivyo vyenyewe.

Ni vizuri kueleza mama mtu mzima alifuata nini kwenye gogo. Miaka hiyo jiji la Iringa lilikuwa limetanda vilima vyote, na roboti zilikuwa zinalima, zinapalilia, zinavuna, na zinasonga ugali vizuri kuliko mama mkwe yeyote. Jambo moja tu zilikatazwa, nalo ni kuua. Sheria ya Kidole ilisema wazi kwamba uhai wa mnyama usiondolewe ila kwa kidole cha mtu, na mtu huyo awe palepale, aone anachokifanya. Nguruwe pori waliielewa sheria hiyo upesi kuliko mawakili. Walikuwa wanapita katikati ya roboti za shambani wakitafuna mahindi ya watu, huku roboti zikiwaomba kwa adabu waondoke. Basi wawindaji wakarudishiwa heshima yao.

Nguruwe ana pua kali, kwa hiyo humwindi ukiwa chini. Unapanda mti na tandiko, ambalo ni mkanda mpana wa kitambaa kigumu unaokaa chini ya makalio na kufungwa kwa kamba kwenye shina. Unakaa hewani, umeutazama mti uso kwa uso, na uzito wako mwingine wote unaubeba kwa magoti uliyoyasukumiza kwenye gome. Mwindaji anaweza kukaa hivyo tangu alfajiri hadi jua la utosi. Ndiyo maana katika kazi hiyo watu hawabishani sana kuhusu bunduki. Wanabishana kuhusu vikinga-magoti.

Osmunda alikuwa amejaribu vingi. Vile vya sponji vilikuwa laini kama mkate wa maziwa, lakini akijigeuza kidogo tu vinateremka hadi kwenye miguu na kumwacha goti wazi. Vile vya gamba gumu havikuteremka, ila viligonga gome ko, ko, ko, kama mgeni mlangoni, na nguruwe hawakungoja kukaribishwa. Hivi vya leo havikuteremka wala kugonga. Ndani yake mlikuwa na uji mzito uliojua kukaza na kulegea wenyewe, na ubongo mdogo usiozidi punje ya dengu. Mhandisi Swaumu, binti aliyevibuni, aliviita vigotimaizi, kwa kuwa viliyamaizi, yaani viliyaelewa, magoti kuliko mwenye magoti.

Lakini starehe haikuwa sababu pekee iliyomleta. Kuanzia msimu huo, Baraza la Wawindaji lilikuwa limeamua kwamba mzee hapandi mtini mpaka vigotimaizi vimthibitishe. Vikimkataa, anarudisha tandiko lake na hapandi tena. Osmunda alikuwa amemzika mume na kuwalea watoto hadi wakahama, na yote aliyaweza kwa sababu kila kulipokucha alikuwa na mti wa kupanda. Wakimnyang'anya mti, angeamka aende wapi? Usiku uliotangulia usingizi ulimpaa kwa swali hilo.

Alikuja na Kikoti. Huyu alikuwa Mhehe, mwindaji mwenzake wa miaka mingi, naye Osmunda ni Mngoni, na kila mtu anajua mambo ya Wahehe na Wangoni. Mababu zao walipigana hadi wakachoka, na walipochoka wakaamua kutaniana. Kikoti alikuwa na haki ya kula chakula cha Osmunda bila kuomba, na Osmunda alikuwa na haki ya kumuuliza mbele za watu kama mbwa wa jirani yake bado yuko hai, maana Wahehe husingiziwa kula mbwa. Hawakuwahi kuitana kwa majina. Ilikuwa mtani huku, mtani kule, na mwenye kununa ndiye aliyeshindwa.

Basi wakati Osmunda ananing'inia kwa raha zake, Kikoti alikuwa amemshika mhandisi kwa maneno. Alimweleza kwamba magoti ya huyu Mngoni yameoza kitambo, yanamngoja tu mwenyewe akubali. Akasema juzi alishuka mtini kwa mtindo wa gunia la viazi. Akasema akitembea, nguruwe husikia viungo vikilia wakadhani mvua inakuja, wakakimbilia mabondeni. Swaumu alicheka hadi akashika meza, na kule juu Osmunda alikuwa anatafuta jibu lenye makali ya kutosha.

Hapo taa ya vigotimaizi ikageuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Sauti ndogo ya upole ikatoka magotini.

"Mvaaji asipande mti."

Kicheko kikakatika. Swaumu aliinama kwenye kioo chake cha kusomea, akasoma, uso ukambadilika. Alieleza kwa unyonge kwamba alipoanza kazi hii aligundua wazee wanazificha mashine maumivu yao. Goti linalia, mdomo unasema mimi mzima kabisa. Ndiyo maana alivipa vigotimaizi masikio, visikilize watu wanaomjua mvaaji, kwa kuwa mwenzako ndiye anayekuona unavyochechemea. Alivifundisha kutambua uongo, wivu na sifa za kujipendekeza. Leo vipimo vya mguu vilikuwa vimesimama mpakani kabisa, si vizima wala si vibovu, na maneno ya Mzee Kikoti ndiyo yaliyousukuma uamuzi.

Osmunda aliuliza ilikuwaje chombo chenye akili kiasi hicho kishindwe kutambua utani. Swaumu akakiri kwamba hakukifundisha. Yeye alizaliwa kwenye jengo refu ambako majirani husalimiana kupitia kioo cha mlango, na utani wa makabila aliusoma tu shuleni. Hata hivyo dawa ilikuwepo na ilikuwa rahisi. Shahidi asimame mbele ya vigotimaizi, aseme kwa sauti ya kawaida kwamba alikuwa anatania, na uamuzi utafutwa.

Osmunda alishusha pumzi.

"Haya mtani, kiambie," alisema. "Halafu twende tukale."

Kikoti hakusogea. Alikuwa anaangalia sakafu, naye hakuwa mtu wa kuangalia sakafu. Swaumu alidhani mzee hakuelewa, akamrudishia maelezo polepole. Kikoti akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa.

"Siwezi," akasema.

Osmunda alitabasamu akingoja mwiba, kwa sababu katika maneno ya Kikoti mwiba huja mwishoni. Alingoja, na haukuja.

"Osmunda," Kikoti alisema.

Jina lake kwenye mdomo ule lilimshtua kuliko taa nyekundu. Hakujua hata kama Kikoti alikuwa analikumbuka.

"Siku ile ulipoteleza kwenye mninga, nilikuwa chini nimetandaza mikono. Nikakwambia Wangoni hata kuanguka hamjui, ukacheka. Mimi nilienda nyuma ya mti nikatetemeka. Msimu mzima nimekutania magoti nikidhani utanisikia. Nikikiambia chombo hiki kwamba ni utani mtupu, nitakuwa nimekudanganya wewe, na siku moja nitakuja kukuokota chini ya mti. Sitaki."

Osmunda alipandwa na hasira, hasira ya moto kabisa. Kwanza alimkasirikia Kikoti, kisha mhandisi, kisha kile kipunje cha dengu kilichojifanya kinajua kusikiliza. Alikuwa amesikia, ndiyo. Alisikia kila siku. Alijua mwenyewe jinsi anavyoshika mwimo wa mlango asubuhi kabla ya hatua ya kwanza, na jinsi anavyokohoa kwa nguvu watoto wasisikie kwenye simu anavyoguna. Lakini ukweli uliokuja na kicheko uliweza kubebeka. Unausikia, unacheka, unauweka pembeni, kesho unaukuta palepale. Huu wa leo haukuwa na pa kuuweka.

"Je, shahidi anafuta maneno yake?" vigotimaizi viliuliza kwa upole.

Osmunda aliligusa gome la lile gogo la majaribio, ambalo hata halikuwa mti wa kweli.

"Hafuti," alisema. "Na mimi naongeza langu. Magoti haya yamekwisha."

"Asante kwa kusema kweli," vikajibu, na taa ikazimika.

Swaumu alimteremsha taratibu, akamkalisha kwenye benchi, akamletea maji. Alisema pole mama, akarudia pole mama, mpaka neno lenyewe likaishiwa. Osmunda alilia bila kujificha, mikono juu ya vigotimaizi ambavyo hakuna aliyekumbuka kumvua. Vilikuwa bado vinampapasa palepale panapouma, vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomliza zaidi.

Kwa watani, msiba una utaratibu wake. Wenye kufiwa wanalia, na machozi yakizidi, mtani anaingia kazini. Atajilaza kaburini akatae kutoka, atavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, atamsema mabaya mbele ya mchungaji, mpaka mfiwa acheke apende asipende. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifanya kazi hiyo, na mtani wa kweli haikwepi hata kama yeye ndiye anayeumia zaidi.

Kikoti alifuta macho kwa mgongo wa kiganja. Alichukua tandiko la Osmunda, akalitandika mlangoni, akajilaza juu yake chali, akanyoosha miguu na kukunja mikono kifuani. Kisha akatangaza kwamba magoti ya Mngoni hayatazikwa leo wala kesho mpaka yeye apewe jogoo mnene, na asiwe jogoo wa kufinyangwa kiwandani. Akaanza kusoma wasifu. Marehemu goti la kushoto lilikuwa vivu tangu utotoni, likatafuta mvua ya kusingizia. Marehemu goti la kulia lilijifanya zima, kumbe lilikuwa na kiburi tu. Yameacha mjane mmoja, mkali, asiyejua kupika.

Osmunda alijaribu kukaza uso. Bega likaanza kutikisika, kisha la pili, kisha kicheko kikamtoka pamoja na kilio, asijue kipi ni kipi.

Vigotimaizi viliwaka ghafla.

"Mtu ameanguka mlangoni. Anasema maneno yasiyo na mpangilio. Niite daktari?"

Swaumu aligeuka kumtazama Osmunda, mkono tayari juu ya kitufe.

"Mwache, mwanangu," Osmunda alisema huku akijifuta uso kwa kitenge. "Yuko kazini."