Tairi Lililosubiri Upepo

Kabla hakujapambazuka, friji dogo la garini lilikohoa mara moja, likanyamaza. Glenys alifumbua macho ndani ya hema. Sasa alisikia bahari peke yake, ikipiga nyuma ya vilima vya mchanga.

"Col," alisema. "Friji limezima."

"Limepumzika tu. Lala."

"Friji halipumziki, mzee."

Col alitoka na tochi. Alipozungusha ufunguo, gari lilitoa mlio mmoja mkavu, basi. Betri ilikuwa imekwisha, na redio ya kuitia msaada nayo ilitegemea betri hiyohiyo. Ndani ya friji mlikuwa na samaki wawili, siagi, na vichupa vya insulini. Bila sindano yake ya asubuhi na jioni, sukari ingemuua Col. Na joto la kiangazi huiharibu dawa hiyo kama linavyoharibu maziwa.

Walikuwa wamestaafu mwaka ule, Col fundi bomba wa Adelaide, mkewe mpishi wa shule. Wakafuata pwani kame ya Nullarbor hadi mwisho wa njia ambayo wavuvi huipita majira ya baridi tu. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika duniani, na binti yao hakuwatarajia kabla ya Krismasi.

"Kuna mteremko hapa," Col alisema kulipopambazuka. "Tukilisukuma litawaka."

Glenys aliweka bega nyuma. Col alisukuma penye mlango, mkono mmoja kwenye usukani. Gari liliteremka, likashika kasi, kisha gurudumu la mbele likatumbukia kwenye shimo la wombati, yule mnyama mnene achimbaye usiku kucha. Gari lilikaa kwa tumbo, na mguu wa Col ukabaki chini yake.

Glenys alichimba mchanga kwa sufuria mpaka mguu ukatoka. Kifundo kilikuwa kimevunjika. Akakifunga kwa vyuma vya hema, akamburuta mumewe hadi kivulini, chini ya turubai.

"Maji?" Col aliuliza, uso mweupe.

"Dumu moja limejaa, jingine nusu."

"Basi ya kunywa tu. Usinioshe."

"Nani kakwambia nataka kukuosha?"

Col alicheka, kisha akauma meno kwa maumivu.

Nchi ile mtoto hufundishwa mapema: gari likikwama, usiliache. Wakakaa. Glenys alitia vichupa ndani ya soksi ya sufu, akailowesha maji ya bahari, akaitundika penye upepo. Upepo ukikausha soksi, dawa hupoa. Kila soksi ilipokauka, alichukua ndoo, akapanda kilima, akashuka baharini, akarudi. Usiku na mchana, mchanga ukimla nyayo. Kila aliporudi, Col alikuwa amemwachia kivuli kizuri, yeye mwenyewe miguu juani.

"Rudisha miguu ndani," alimwambia.

"Inaota jua. Si tumekuja likizo?"

Siku zikapita hivyo. Dumu la nusu likaisha, jingine likawa jepesi. Hakuna aliyepita. Kisha asubuhi moja ukavuma upepo wa kaskazini, ule utokao jangwani, wa moto kama mdomo wa tanuri. Soksi ilikauka kabla Glenys hajateremka kilima. Alipogusa vichupa, vilikuwa vuguvugu.

"Nenda barabarani," Col alisema. "Mimi niache."

"Mwendo wa siku mbili, kwa joto hili? Na soksi ataloweka nani? Wewe, kwa mguu upi?"

Glenys akalitazama tairi la akiba lililofungwa nyuma ya gari.

"Jipya hilo!" Col alisema, akiwa amemwelewa. "Na upepo huu utachoma nchi nzima."

"Nitalichomea ufukweni, moshi uonekane mbali. Nitasubiri upepo ugeuke."

Alilifungua, akaliviringisha juu ya kilima, likamponyoka, akalikimbilia hadi mchanga mbichi. Upepo ulikuwa bado ukivuma kuelekea baharini. Moshi ungekwenda kwa nyangumi. Akakaa juu ya tairi, kiberiti ndani ya kofia, petroli ya gari na ndoo kando yake. Maji yakaanza kujaa. Wimbi likamlamba miguu. Akavuta tairi nyuma, akakaa. Likaja jingine, akavuta tena. Nyuma yake vichaka vikavu vilikuwa vimekaribia sana. Hakubakiwa na nafasi ya kuvuta mara nyingine.

Kisha nywele zake zilizokuwa machoni zikarudi kisogoni. Upepo wa kusini, wa baridi, ulikuwa umefika. Akamwaga petroli, akasogea, akarusha kiberiti. Moshi mweusi ukainuka, ukalala juu ya nchi kavu kama blanketi. Akabaki pale na ndoo, akizima kila cheche.

Jua lilikuwa limeshuka lilipotokea lori lenye tangi la maji na mbwa wawili. Bibi mmoja mwembamba aliruka chini.

"Nani mjinga anachoma takataka leo? Moto umepigwa marufuku! Kondoo wangu wote wako kule!"

"Ni mimi," Glenys alisema, midomo imepasuka. "Nisamehe, mama. Mume wangu yuko nyuma ya kilima. Ana kisukari."

Bibi akavua kofia yake, akaichovya kwenye tangi, akamvisha Glenys, maji yakamtiririka shingoni.

"Kunywa polepole, dada. Moto umeuweka mahali pazuri."

Aliitwa Ivy Trewartha, na aliishi peke yake na kondoo. Usiku ule, nyumbani kwake, aliweka vichupa ghalani chini ya ardhi, pamoja na maziwa yake, akamlaza Col kitandani pake, yeye akalala sakafuni. Vichupa viwili vilikuwa vimeharibika. Kimoja kilikuwa bado safi. Kilitosha.

Ndege ya daktari, aliyoiita Ivy kwa redio, ilitua asubuhi. Glenys, ambaye miaka yote alimwachia Col kusema na watu, ndiye aliyemweleza daktari kila kitu, na Col akasikiliza, amemshika mkono.

Ivy alisimama mlangoni mwa ndege, akinyoosha blanketi la Col ambalo lilikuwa limeshanyooka.

"Wakata sufu walikuja mwezi wa nane," alisema. "Tangu hapo naongea na mbwa. Mguu ukipona, njooni mnitembelee tena. Hata bila moto. Mtakuja, eti?"