Chupa Iliyochimbuliwa Mlangoni Kwangu

"Mchawi! Toka! Toka leo hii!"

Jamani, huyo si jirani. Ni Chirau, mume wangu wa ndoa, ananitukana mbele ya mtaa mzima!

Msambweni, mwaka wa pili wa Uhuru. Wifi yangu Esha ameshika jembe. Chini ya kizingiti changu amechimbua chupa ya buluu, imezibwa kwa gunzi, ndani misumari na nywele...

"Uchawi wa kuzika!" watu wakapiga kelele.

Nyumba ile ilikuwa kwenye shamba la minazi aliloniachia marehemu baba. Chirau hakuwa na njia ya kunitoa. Lakini mchawi hufukuzwa hata kwao!

"Tazameni takataka zake!" Chirau akaendelea. " Mwenye akili anaokota hivi vyote vya nini?"

Hapo damu ikanichemka. Naam, niliokota! Vigae vya sahani nilivipachika ukutani, mlango wangu ukapendeza kuliko wa liwali. Mkebe wa samli niliufanya koroboi. Vifuu nilivitia mipini vikawa pawa za kupakulia mchuzi, na Esha mwenyewe alikuwa akija kuziazima!

Nikaitazama ile chupa. Eeh! Mwokotaji hukijua kila alichookota.

Nikaingia ndani, nikatoka na kizibo cha kioo kilichomeguka pembeni. Nilikuwa nimekitundika dirishani kwa uzi, maana jua la asubuhi likikipiga, ukuta hujaa rangi.

Nikang'oa gunzi, nikatia kizibo. Kikakaa sawasawa!

"Mnaona? Chupa ni yake!" Chirau akacheka.

"Ni yangu. Nilikutilia asali humu ulipokwenda na lori Samburu. Kizibo nikakibakisha kisipotee, ukaziba mwenyewe kwa gunzi. Uliporudi ulinambia nini?"

Chirau akaanza kurudi nyuma.

"Alisema imevunjika njiani," Esha akajibu taratibu. "Nilikuwapo."

"Na wewe wifi, nani alikwambia uchimbe hapa?"

Esha akalitupa jembe.

"Kaka... umenituma nimzike mwenzangu yu hai?"

Watu wakambana Chirau mpaka akakiri. Kumbe huko Samburu kulikuwa na mwanamke, na alikwisha kumwahidi nyumba. Nyumba YANGU!

"Nimeokota vingi, Chirau," nikamwambia. "Takataka ni wewe peke yako! Nipe talaka yangu hapa hapa, watu wasikie!"

Akaitoa, akaondoka na nguo alizovaa.

Shimo la mlangoni tulilifukia pamoja, mimi na Esha, tukapanga vigae juu yake. Sikumsamehe siku ile. Ilichukua mwaka.

Leo nina miaka themanini na mbili. Chupa ipo dirishani na kizibo chake, natilia mafuta ya nazi.

Binti zangu mnaosoma hapa, akiba haiozi. Na akitokea mtu wa kuviita vitu vyako takataka, mchunguze kwanza. Huenda anaitaka nyumba.