Manyoya Kando ya Kiti cha Nyuma

Ndugu zangu wa Gutu, na ninyi wengine mtakaoyasoma haya, habari hii inanuka. Nawaletea pamoja na harufu yake, maana nikiisafisha mtadhani ni jambo dogo.

Jioni za nyumbani kwetu zilikuwa za raha. Ng'ombe wanne wa jembe walirudi kutoka malishoni, Mavara akiwa mbele, wakajikuna kwenye nguzo za zizi. Mama alipepeta ulezi, wifi yangu Chenai akasonga sadza, ndio ugali wetu, na kaka yangu Tapfuma akawapigia ng'ombe mbinja kama anaita wanawe. Kwa ng'ombe wale tulilima shamba letu na mashamba ya majirani, tukala mwaka mzima. Hatukuwa na kingine.

Ndipo akaja Garikai, kaka yake Chenai, anayekaa Masvingo mjini. Alikuja na gari la haibridi, lile linalokwenda kwa petroli na betri kubwa, limeng'arishwa mpaka kuku wa Mama wakajiona ubavuni wakaanza kulidonoa. Nilipoingiza kichwa ndani nikakohoa kwa marashi. Nikajiuliza, gari safi linajipulizia manukato mengi hivi ya nini?

"Mkwe," Garikai akamwambia kaka, "uza hao wanyama wa kunya ovyo. Hili linakunywa petroli kama ndege anavyokunywa maji. Nakuuzia kwa pesa yao, kwa sababu ya undugu tu. Beba abiria wa Masvingo, utaniletea shukrani mwenyewe."

"Samahani, Shumba," kaka alisema, akimwita kwa jina la ukoo wao. "Limekuwa likifanyiwa sevisi?"

Sasa mjue, kwetu kaka wa mke ana heshima ya baba mkwe, hata akiwa mdogo kwa miaka. Mwoaji huketi chini mbele yake, humsalimu kwa makofi ya taratibu, wala hamhoji. Garikai aliijua desturi hiyo, akainoa kama kisu.

"Alaa! Mkwe gani huyu? Nilikupa dada yangu bila kitabu cha sevisi, leo wataka kitabu cha gari? Dada yangu naye siku akikohoa utamrudisha kiwandani?"

Majirani waliokuja kutazama gari wakacheka. Kaka akainamisha kichwa.

"Na waranti ya betri je?" Mama aliuliza kutoka mlangoni.

"Ipo hai, Mama. Karatasi ziko mjini. Mnaniona mwizi?"

Garikai alipokwenda kunawa, Chenai alimvuta mumewe kando ya zizi. Mimi nilikuwa pale nikikusanya kuni, nikasikia.

"Baba Ruva," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "yule nimezaliwa naye, namjua. Mtume Zivanai kwa baba yangu akaulize habari za gari hili."

Zivanai ndiye mshenga aliyepeleka posa. Kwetu mshenga ni mdomo wa mwoaji ukweni, anauliza yale ambayo mwoaji mwenyewe hathubutu.

"Nyamaza, mke wangu. Zivanai ni wa mahari na misiba. Nikimtuma kwa ajili ya gari, watasema nawaona wachafu."

Ng'ombe wakauzwa, pesa zote akapewa Garikai. Mavara aligoma kupanda lori, akageuza kichwa kuangalia zizi, wakampiga hadi akapanda.

Wiki haikuisha, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Njia ya Masvingo, kwenye kilima, gari likazima na abiria ndani, nami nikiwemo. Walishuka wakitutukana. Tulilivuta hadi kwa fundi wa mjini. Kando ya kiti cha nyuma kuna tundu linalopitisha hewa ya kupoza betri kubwa. Fundi alipofungua kifuniko chake, nilikimbia nje kutapika. Manyoya ya kuku. Kinyesi kilichogandamana kama matope. Funza waliokauka.

"Huyu alibeba kuku au aliwafuga humu?" fundi aliuliza, akatema mate. "Betri imekosa pumzi, imeungua. Taa hii haikuanza kwako, bwana. Ukichomoa ile betri ndogo ya kawaida, huzimika kidogo, mnunuzi akishaondoka inarudi."

Kwa wakala wa magari hayo tulijibiwa kwa upole. Waranti ilidai sevisi ya kila mwaka na tundu lile lisafishwe. Gari halikuwahi kupelekwa hata mara moja. Waranti ilikufa kabla ya betri.

Ndipo kaka alipomtuma Zivanai. Alirudi ameinamisha uso.

"Baba mkwe wako anasema, kumbe una mdomo? Garikai alibebea kuku wa kuuza, na gari lililala uani kwa mzee mwenyewe na taa yake nyekundu. Anasema, 'Nilidhani Tapfuma anajua, maana hakuna aliyekuja kuniuliza. Angeuliza, ningesema.'"

"Na Garikai?"

"Amekwisha vuka kwenda Afrika Kusini. Na ng'ombe wako wote wamo tumboni mwake."

Mvua zilipofika tulilima kwa majembe ya mkono. Nilimwona Chenai akifunga viganja kwa matambara, na kila akimtaja kaka yake anatema mate. Tulilima robo ya shamba tu. Gari liko uani. Kuku wa Mama wameingia dirishani, wanatagia kwenye kiti cha nyuma.

"Waacheni," Mama alisema. "Hilo ni banda lao tangu zamani."

MAFUNZO

Ndugu zangu, gari la haibridi halinunuliwi kwa macho wala kwa undugu. Dai kitabu cha sevisi kabla hujatoa kitu mkononi. Nenda kwa wakala ukahakikishe kwamba waranti ya betri bado ni hai na itakuhamia wewe. Mlete fundi wako afungue hilo tundu. Na kama heshima inakufunga mdomo, desturi yetu haikutuacha mabubu, imetupa mshenga. Mtumeni kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Muuzaji anayechukia kuulizwa amekwisha kukujibu.