Mdomo wa Virginie

— Ukimeza, unasikia maumivu?

— Anasikia sana, tantine Claudine akajibu.

— Na masikio?

— Masikio njo inamuuma kupita koo.

— Anakula nini?

— Uji. Mi mwenyewe naupozaka.

Muuguzi Mapalo akazima kitochi chake, akamgeukia shangazi mtu polepole.

— Mama, pardon. Balipasua nani? Weye ao huyu?

Virginie alitaka kucheka, lakini kicheko kiliishia kooni na kumuuma, akajishika shingo kwa mikono miwili. Ana miaka thelathini na moja. Tangu utotoni mafindofindo yalikuwa yanamvimba kila mvua zilipoanza, hata juma zima asiweze kumeza bukari, ule ugali wa kwao, ndipo daktari akasema yatolewe. Mtoto hutolewa mafindofindo leo, na baada ya siku chache yuko nje anacheza. Mtu mzima huteseka vingine. Siku ya saba hii, na Virginie bado alikuwa anajiandaa kwanza kabla ya kumeza mate, kama mtu anayetaka kuinua gunia.

Na siku zote saba hakuwa ametamka neno. Tantine alimwambia kwamba daktari amekataza, na kwamba akitamka neno tu damu itatoka. Simu yake pia tantine aliichukua, eti apumzike.

— Na kusema? Mapalo akauliza.

— Daktari alikataza mwezi muzima, tantine akasema haraka.

— Daktari gani? Hapa hatukataze vile. Asipige kelele, basi. Lakini aseme polepole, anywe maji, ameze. Koo ikikauka, itamuuma zaidi. Damu ikitoka, hata kidogo, mukuye hapa mbio. Mumesikia?

Tantine akatazama dirishani.

Virginie akainua macho, akaonyesha simu ya muuguzi iliyokuwa mezani, akaunganisha viganja kama anayeomba. Mapalo akamgeukia tantine.

— Mama Claudine, pharmacie iko ngambo ya barabara. Twaa hii karatasi, ulete dawa ya maumivu. Mugonjwa atabakia na miye.

Tantine alipotoka, Mapalo akafungua simu, akampa, kisha akageuka ukutani kupanga pamba ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Wema wa namna hiyo Virginie hakuusahau.

Akaandika: "Ada, ni Virginie. Simu yangu iko kwa tantine."

Adalbert ni fundi wa malori kule Kipushi, mzaliwa wa hukohuko, ingawa wazazi wake asili yao ni Kasai. Miaka mitatu walikuwa pamoja. Jibu lake likaja mbio.

"Virginie aliniacha tangu siku ya ine nyuma ya opération. Weye ni nani?"

"Sikukuacha! Nani alikuambia?"

"Simu yake. Iliandika: Bwana Adalbert, usikuye tena, Jumamosi Antoine analeta mahari. Nilipoona Bwana, jina yenye hajaniita hata siku moja, nikasema kweli imekwisha."

Virginie akasoma mara mbili. Jumamosi! Yeye aliambiwa Jumamosi baba yake anafika kutoka Kongolo kumtazama mgonjwa.

"Ada, si miye niliandika."

"Niambie kitu yenye Virginie tu anajua."

"Ulilia mbele ya mulango ya opération. Ukasema ni vumbi. Na mvua ilikuwa inanyesha."

Ujumbe ukaingia:

"Ni weye. Nakuya sasa hivi."

"Apana. Usikuye. Ni kwetu, nitasema miye."

"Na ile koo?"

"Koo ni yangu."

Nyumbani Katuba, tantine alikaa kwenye kigoda akimimina uji kutoka kikombe hiki kwenda kile, mara kumi, mara ishirini, mpaka upoe sawasawa. Tangu mama yake Virginie alipofariki, mikono hiyo ndiyo iliyomlea. Virginie akamwekea daftari magotini.

"Ni weye uliandikia Ada?"

Tantine akasoma. Hakukana.

— Ndiyo, njo miye.

"Juu ya nini?"

— Juu bwana yangu alikuwa Mukasai, unajua. Mwaka ule balibafukuza Bakasai huku Katanga, akapanda treni na sanduku moja. Akasema, Claudine, nitakutumia barua. Niliendaka ku gare ya treni kila siku, mutoto yangu. Kila siku! Bantu ba pale bakaanza kunipa kiti. Sitaki siku moja bakupe kiti.

Virginie akamshika mkono. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: "Pole sana, tantine. Lakini ile treni ilikuwa yako. Usinipandishe."

Tantine akafunga daftari.

— Antoine ni muntu wa kwetu. Mufundishaji, hanywe, alifiwa na bibi, anajua uchungu. Jumamosi papa yako atakuuliza mbele ya bantu. Na unajua kwetu: binti anajibu kwa mudomo, si kwa cahier. Mudomo yako iko mugonjwa. Nitajibu miye. Kunywa.

Virginie akaunywa uji wote. Nguvu alizihitaji.

Siku tatu zilizobaki kufika Jumamosi alikuwa akijifungia bafuni na chupa ya maji. Anakunywa kidogo, anataja kitu kimoja: sabuni. Anakunywa tena: ndoo. Kila neno lilipita kooni kama linajikwaa. Lakini lilipita, na damu haikutoka.

Jumamosi nyumba ikajaa. Antoine alikaa na ndugu zake, viatu vimepigwa rangi, macho chini. Katikati waliweka sahani iliyofunikwa kwa sahani, ndani yake kianzio cha mahari. Kwao haifunuliwi mpaka binti aulizwe mara tatu. Asipojibu kwa sauti, wageni huondoka nayo, ila akiwa mgonjwa, aliyemlea humjibia. Akisema ndiyo na ikafunuliwa, neno limekwisha, harudi nyuma.

Papa Alphonse, baba yake Virginie, mstaafu wa reli, alikuwa ameambiwa na dada yake kwa simu kwamba binti amekubali. Akajisafisha koo.

— Virginie, mutoto yangu. Bantu ba Antoine bameweka sahani. Tufunue?

Tantine akasimama, akamgeukia kaka yake.

— Yaya, koo yake balipasua. Hawezi. Miye njo niko mudomo yake. Anasema mufunue.

Wageni wakaanza kupiga makofi. Virginie akainua daftari juu, ameandika HAPANA ukurasa mzima. Baba yake akalitazama, akatikisa kichwa.

— Karatasi haijibu kwetu, mama. Ningekubali karatasi, kesho kila muntu ataandikia binti wa mwenzake.

Yeye mwenyewe hakujua ni kwa kiasi gani alikuwa amesema kweli.

— Nauliza mara ya pili. Tufunue?

— Mufunue, tantine akasema. Nimesema mufunue!

Virginie akatafuta maji. Glasi ilikuwa mbali, karibu na Antoine. Antoine akamwona, akaiinua, akampa. Akanywa. Masikio yakawaka moto.

— Mara ya tatu. Tufunue?

— Tantine... akaanza Virginie, na watu wote wakageuka, maana sauti ilikuwa nzito na ya kukwaruza, wala haikufanana na yake. Tantine, kaa chini. Asante ya uji. Lakini mudomo ni yangu.

Akameza. Machozi yakamtoka kwa maumivu, hakuyafuta.

— Papa, musifunue. Siku ya ine nyuma ya opération simu yangu ilimuandikia muntu yenye ninapenda eti nimemuacha. Mi nilikuwa nalala na dawa. Naitwa Virginie, sijaacha muntu. Antoine, pole. Haukunikosea kitu. Lakini apana. Apana. Apana.

Ndugu mmoja wa Antoine akaanza kulalamika, Antoine akamshika bega.

— Acha. Nilikuya kutafuta bibi, baliniambia amekubali. Sasa nimemusikia mwenyewe. Si muzuri kuoa muntu yenye anajibiwa na mwingine.

Akainama, akainua sahani zake mbili bila kuzitenganisha, akamuaga baba kwa heshima, akatoka na watu wake.

Papa Alphonse akamgeukia dada yake.

— Claudine, ni kweli?

— Yaya, niliogopa.

— Ungeniambia unaogopa. Ningekuya mbio, tuogope pamoja. Si kuiba mudomo ya mutoto.

Tantine akalia kama mtoto. Kisha akatoa simu kwenye pindo la kitenge chake, akaiweka mapajani mwa Virginie kwa mikono miwili.

— Nisamehe, mama.

— Nitakusamehe, Virginie akasema. Si leo. Leo niko naumwa.

Mzee akacheka bila kutaka.

— Na huyu mwingine, mi simujui. Simuahidi kitu. Iko na bantu ba kwabo?

— Iko nabo, papa. Kipushi.

— Ni Mukasai?

— Ni Mukasai.

Baba akatazama mlango ambao wageni walitoka nao, kisha akamtazama binti yake, mwenye shingo iliyovimba na macho yasiyoinama.

— Basi abalete, bakae pale balikaa hawa. Nitauliza mara tatu, na utajibu weye, na ile sauti yako ya chura.

Virginie akatoka nje, akabonyeza namba. Ililia mara moja tu.

— Alo? Adalbert akaitika, pumzi juu.

— Leta bantu bako.

— Pardon, mama, hii sauti ni ya nani?

— Yangu. Kwanzia leo njo hii. Uizoee.